Mugeni, Toka Inje!

Kule Swima, marehemu baba hakumpa mtoto wa mbwa jina haraka. "Huyu bado ni Mugeni," alikuwa anasema. "Siku atajua kwenda kukojoa inje, njo nitamupa jina." Kila asubuhi tuliamshwa na sauti yake ikimfukuza Mugeni, nasi watoto tukicheka chini ya blanketi moja. Sauti ile naikumbuka hadi leo.

Sasa niko mjini Baraka na mbwa wangu mwenyewe, kichwa ngumu ajabu. Miezi inapita, bado ni Mugeni.

Jumapili iliyopita niliamka kutoka usingizi wa mchana, nikakanyaga maji ya vuguvugu mlangoni pa chumba. Nyuma ya pazia, sebuleni, kitu kikajisogeza. Nikaitoa sauti ya baba, ileile:

"Mugeni! Umekojoa tena mu nyumba? Toka inje! Leo hautakula kitu hapa!"

Kiti kikalia. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa taratibu. Sikujiuliza mbwa amejifunza lini kufunga mlango. Nilifurahi tu kwamba ametii: laiti baba angekuwepo! Nikamchagulia jina la baba mwenyewe, nikatoka kumpa.

Mbwa alikuwa amelala barazani. Juani alisimama mama mukwe, kikapu cha samaki, mikebuka, kichwani. Alikuwa ametoka Lweba. Mke wangu alimkaribisha nikiwa nimelala, akaenda kumnunulia soda.

"Mukwe," aliniambia kwa upole, macho chini, "si mimi njo nilikojoa."