Nembo ya Ndege Kwenye Koti la Princess

Ukipita mbele ya cherehani ya fundi Philemoni pale soko la Tengeru, hakuangalii usoni. Anakuangalia kifuani. Kuna mama mmoja aliwahi kumtupia nyanya kwa hilo, na mimi ninayeuza vifungo na zipu meza ya pili ndiye niliyeomba radhi: samahani mama, huyu anatafuta nembo tu.

Kazi yake ni kurekebisha mitumba. Wenye mabelo humletea majaketi afumue nembo za kitambaa zilizoshonwa kifuani, maana mteja wetu hapendi kutembea na jina la kampuni asiyoijua. Hizo nembo Philemoni hazitupi. Anazitaka zaidi zile za viwanda vilivyounda ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambazo wafanyakazi walizivaa kwenye ovaroli zao. Ukimwuliza za nini, atakwambia kila mtu anamkumbuka rubani, aliyekaza skrubu hakumbukwi na yeyote. Hapo ndipo ninapompenda huyu mtu, ingawa mengine yote ananiudhi.

Kuitambua ya kweli ana njia yake. Anavuta uzi mmoja, anauwasha kwa kiberiti. Ukiyeyuka na kuganda, ni nailoni, kitu cha fasheni cha juzi juzi. Ukiungua ukanuka karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba, basi kuna tumaini, na hapo anaanza kuilinganisha na picha za zamani ninazomtafutia kwenye simu. Kwa miaka tisa nembo zake za ndege ziliyeyuka zote. Alikuwa na kopo zima la feki, na ya kweli hata moja hana. Tulimcheka sana, mimi nikiwa mbele.

Mwaka jana, wiki ya sikukuu ya mavuno, alikata koti kuukuu la sufu akashona la mtoto, liwe sadaka yake kanisani kwetu Nkoaranga. Kifuani nondo walikuwa wametoboa. Akatafuta kwenye kopo la feki, akapata nembo ya duara, bluu iliyopauka yenye bawa la njano. Akakata pindo lake lililochakaa, akaishona juu ya tundu, kisha Jumamosi mchana akalikabidhi koti kwa mzee wa kanisa.

Aliporudi kufagia meza akakuta vinyuzi vya bluu vilivyokatika pamoja na pindo. Akaviwasha kwa mazoea tu. Vikanuka karatasi.

Mtu mwingine angevuta uzi popote. Philemoni, kwa kuwa ni fundi na anaheshimu darizi ya mwenzake, siku zote huvuta uzi wa pindoni. Kumbe kuna fundi wa zamani aliyeitia nembo ile pindo jipya la nailoni, na ndilo lililoyeyuka siku alipoipima. Alitoa picha moja aliyoibandika ubavuni mwa cherehani, wanawake wa kiwandani wamesimama chini ya bawa la ndege, na kila mmoja kifuani ana duara lile lile.

Kwetu kitu kikishakabidhiwa kanisani hakidaiwi. Baada ya ibada hupigwa mnada uwanjani pamoja na ndizi na kuku, anayekitaka akinunue. Basi Jumapili Philemoni alinyoosha mkono kwa lile koti, akanyoosha tena na tena.

"Fundi, ulishone wewe, ulinunue wewe?" mzee wa kanisa akamtania. "Umesahau sindano mfukoni?"

Uwanja mzima ukacheka. Mimi nilikuwa na kwaya, nikamwona anatokwa jasho. Nikadhani anapandisha bei kwa ajili ya Bwana na sasa amekwama, hajui pa kutokea. Nikamhurumia. Nikachangisha kwaya nzima, tukampita kwa bei, koti tukamvika Princess, mtoto wa miaka mitano anayelelewa na bibi yake, Nkasiogi, huko juu mlimani kwenye baridi. Philemoni alipiga makofi kama wengine.

Tulipotoka getini akanieleza. "Mama Lucky, umeniua."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia niende kwa bibi nikaiombe, akakataa. "Tungoje. Mtoto anakua, koti halikui."

Tukangoja mwaka. Kila Jumapili Philemoni aliimba macho yakiwa kwenye kifua cha Princess.

Juzi Nkasiogi akapiga simu kwamba koti limembana mtoto. Philemoni alifunika cherehani saa nne asubuhi, wateja wakimtazama, tukapanda wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Fundi, lichukue koti lako, umshonee mwingine. Mikono imeishia hapa."

Princess alilivua mwenyewe. Hakulia. Alilishikilia kidogo, kiganja kikiwa juu ya bawa, akauliza, "Na ndege nayo inaenda?"

Philemoni akaketi kizingitini na koti mapajani. Akapitisha kidole gumba juu ya zile nyuzi, akaligeuza ndani nje, akatazama upande wa nyuma wa nembo kupitia lile tundu la nondo. Nami moyoni nasema, ichukue baba, umeingoja miaka yote hiyo, ichukue twende.

Akatoa wembe. Badala ya nembo akafumua mikono.

"Mama, nilikunja upana wa vidole vinne humu," alimwambia Nkasiogi. "Nguo ya mtoto haishonwi bila akiba. Bado atalivaa miaka mitatu."

Alishona pindo jipya kwa mkono pale pale mlangoni, Princess akavaa akakimbilia migombani.

Tulipokuwa tunashuka machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi. Nikamwuliza, je, hiyo miaka mitatu ikiisha?

"Akiba ya pindo la chini," akasema, "sijaigusa."