Wadogo Zangu Golini

Shule yetu ya misheni, nje kidogo ya Bungoma, ilikuwa na uwanja mmoja wa mpira, na uwanja ule nauchukia hadi leo. Kengele ya mwisho ikilia, kaka yangu alivua shati na kukimbilia huko. Mimi nilikaa pembeni na wadogo zetu wawili: msichana aliyekuwa ameanza shule, na mvulana wa miaka mitatu ambaye mama aliniachia akipita kwenda kuuza ndizi soko la Myanga. Kurudi nyumbani bila kaka tulikatazwa, maana njia ilipita vichakani. Basi tulingoja mpaka mwenyewe achoke kucheza.

Niliwafinyangia ng'ombe wa udongo. Niliwamenyea miwa kwa meno mpaka ufizi ukatoka damu. Siku moja yule mvulana mdogo alijitia punje ya hindi puani. Nikambana tundu la pili, nikamwambia apenge, naye akapiga mayowe. Kaka alikuwa karibu, akaona kila kitu. Alichosema ni hiki: "Mnyamazishe huyo, bana! Tunacheza!"

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Baba aliendesha trekta katika shamba la mzungu upande wa Kitale, na nyumbani alionekana kwa nadra. Mimi Kitale sikuwa nimefika. Kisha mwalimu wa kwaya alinisikia nikiwaimbia wadogo pale uwanjani, akanichagua. Kwaya ingeimba Kitale siku ileile ambayo timu ya mpira ingecheza huko. Lori moja lingetubeba sote. Jirani yetu aliyefanya kazi na baba akampelekea habari kwamba nitaimba.

Nilimkuta mama akipepeta wimbi la uji kwa ungo.

"Ukienda wewe, watoto nitamwachia nani?"

"Si kuna kaka?"

"Kaka yako ana mpira."

"Na mimi nina kwaya, mama."

"Mpira ni kazi ya shule," akasema, akaendelea kupepeta. Sijui kwaya aliiona ni kazi ya nani.

Kesho yake mazoezi yalipopamba moto, niliwashika wadogo mikono, tukaingia uwanjani moja kwa moja. Niliwakalisha golini, katikati ya milingoti, nikawapa ng'ombe wao wa udongo. Kipa akabaki ameduwaa. Mwalimu wa mpira akapuliza filimbi.

"Nani ameleta watoto hapa?"

"Ni mimi, mwalimu. Ni wadogo wa huyu pia," nikasema, nikimwonyesha kaka kidole. "Leo ni zamu yake."

Wavulana wakaangua kicheko. Kaka alinijia ngumi imekunjwa, lakini mwalimu akamzuia. "Toa wadogo zako golini, ukae nao," akamwambia. Kaka aliketi pembeni mpaka mazoezi yakaisha, mdogo wetu akimpaka udongo magotini. Mimi nilisimama mbali kwa hasira. Sikuondoka, kwa maana sikuwa na pa kwenda.

Nyumbani alinishtaki, nami nikachapwa. "Umemwaibisha kaka yako mbele ya watu!" mama alifoka. Nikamuuliza kama mimi sikuaibishwa. Akaniongeza.

Lori likaondoka na kaka ndani. Aliporudi, alikula ugali wake wote ndipo akasimulia. Walifungwa. Halafu, kana kwamba ni jambo dogo, akasema baba aliomba ruhusa kazini, akaja amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa hajaambiwa kwamba nimezuiwa. Alisimama mbele kabisa nyimbo zote, akikagua nyuso za wasichana mmoja mmoja. Mwishowe akamuuliza kaka, "Yuko wapi dada yako?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia umebaki na watoto."

"Akasema?"

"Si alivua koti tu, akarudi kazini."

Nilimtazama mama. Alikuwa akifuta sufuria ambayo tayari ilikuwa kavu.

Shule ilipofunguliwa tena baada ya likizo, sikukanyaga uwanjani. Nilimfunga mdogo mgongoni, nikamshika dada yake mkono, nikaingia chumba cha kwaya bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwalimu wa kwaya alitupisha mlangoni. Dada mdogo akaketi sakafuni. Nikasimama kwenye mstari wa nyuma, mtoto akinivuta nywele, nikaimba kwa sauti ya juu kuliko wimbo ulivyotaka.