Filamu Niliyomtafsiria Bibi

Jumapili baada ya ibada shangazi alituletea filamu ya Kikorea kwenye flashi. Filamu tulizozoea huwa na mtu anayeeleza kwa Kiswahili juu ya sauti. Hii haikuwa naye, ilikuwa na maandishi ya Kiingereza tu chini. Tulibaki wawili nyumbani, mimi na bibi. Macho yake yana ukungu, na lugha yake ni Kinyambo.

"Wewe si uko kidato cha tatu? Kahawa yangu imekusomesha, halafu unafumba mdomo kama kondoo!" bibi alinifokea.

Mimi naogopa kusema hata darasani, lakini nilimtafsiria. Ndugu wawili wanagombania nyumba ya marehemu baba yao, na mama yao anaumwa. Bibi akaacha kumenya ndizi.

Baba na baba mdogo, wanawe bibi, hawasalimiani tangu baba ang'oe mimea ya mpaka kati ya migomba yetu na yake. Bibi tumbo limevimba, na hospitali wamemrudisha nyumbani. Anachotaka kabla hajafa ni kuwaona wamekaa pamoja.

Mwishoni mama yule anakufa. Wanawe wanasimama kaburini, kila mmoja upande wake, wanaondoka bila neno.

"Wamepatana?"

"Ndiyo, bibi. Wamepatana."

Nilishindwa tu kumwambia ukweli.

Alicheka mpaka akakohoa. Akafungua kikopo cha kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribishia mgeni, akanifungia punje kwenye jani la mgomba. "Mpelekee baba yako mdogo. Akiitafuna, yameisha. Mwambie aje."

Kwa baba mdogo nilitoa shikamoo mlangoni. Aliliangalia jani, hakulishika.

"Umetumwa na baba yako?"

"Na bibi."

"Mwambie mpaka wa shamba urudishwe kwanza. Sitafuni kahawa na mtu anayenilia ardhi. Nenda, mwanangu."

Sikuweza kurudi nazo. Nilizitafuna zote njiani, chungu, mpaka ulimi ukakauka.

"Amepokea?" bibi akauliza.

"Amepokea."

Leo ni Alhamisi. Bibi amemfanya mama atandike nyasi mpya sebuleni, na hataki kulala chumbani. Anakaa ameegemea ukuta, uso mlangoni. Asubuhi baba aliniuliza nyasi ni za mgeni gani. Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji.