Mwenye Mji wa Bandani

Nilikuwa mdodosaji katika utafiti wa kifua kikuu. Wakubwa walitaka kujua kwa nini kinga haizifikii jamii ndogo za Mara, zile ambazo ukipanda baiskeli asubuhi, kabla ya mchana umeshatoka kwenye lugha yao. Mimi mzaliwa wa Nyasho nilijiona mjuzi wa mkoa mzima. Mjuzi wa nini!

Upande wa Butiama, mimi na muuguzi tulifika kwenye mji mmoja, yaani boma la familia, wenye mtoto wa miaka miwili. Mtu mzima wa pale alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu, kwa hiyo mtoto alistahili vidonge vya kinga kabla hajaugua. Kilichobaki ni ridhaa ya mkuu wa kaya. Mama wa mtoto, binti mdogo tu, akanionyesha bibi aliyekaa mlangoni mwa banda la ndama.

"Mwenye mji ni yule."

"Yule ni bibi," nikasema kwa haraka zangu. "Mimi namtaka mume wako."

"Ndiye huyo."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, nikajaza kwenye kishikwambi: hana mume. Na mila hiyo naijua tangu utotoni! Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa binti, na watoto wanaozaliwa ni wake. Lakini fomu ilishanifunga macho.

Bibi alisikia. Hakupaza sauti. "Kama mume mnayemtaka hayupo, nendeni. Mtoto wangu hapewi dawa kama mtoto asiye na mwenyewe."

Nilifika hadi barabarani. Mwenzangu, muuguzi, alishawasha pikipiki. Nikamfikiria yule mtoto akikosa kinga kwa sababu ya kicheko changu, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikarudi, nikapiga goti.

"Shikamoo, mwenye mji. Nimekosa."

"Marahaba. Ila baki hapo hapo, usinisogelee."

Nilidhani bado ana hasira. Kumbe mgonjwa mwenyewe ndiye yeye. Nyuma yake, mle bandani, niliona kitanda cha kamba, sahani moja na kikombe kimoja.

"Nani alikuambia uhamie huku, mama?"

"Nani aniambie? Nilikuwaga nalala ndani na mtoto. Siku nimeanza kukohoa nikatoka, hata kabla sijaenda hospitali. Mwenye mji akoholee watoto wake, huyo ni mwenye mji gani?"

Sisi tulikuja kuuliza kwa nini kinga haifiki kwa watu hawa, na yeye alishaianza peke yake, kati ya ndama. Nilistaajabu, na hadi leo nastaajabu.

Nikafuta nilichojaza. Mume: yupo. Jinsia: ke. Kishikwambi kikakataa, nikaandika kwenye karatasi. Nikamsomea ridhaa kwa sauti kutoka pale nilipokuwa, akakubali kutoka pale alipokuwa.

Muuguzi akayeyusha kidonge kwenye kijiko cha maji. Mtoto akalia, akachoropoka mikononi mwa mama yake, akakimbilia bandani. Bibi akainuka upesi, akarudi nyuma, akajifunika mdomo kwa kanga. Binti akamdaka mtoto njiani.

"Meza, mwanangu," bibi akasema kwa mbali. "Mimi nameza, na wewe meza. Tutakutana ndani."