Papa Nephtali Ndani ya Boti

Baba yangu, Papa Nephtali, ni fundi wa kalafati hapa Kisangani. Kalafati ni kujaza vitambaa vyenye mafuta kati ya mbao za boti, kwa nyundo, maji yasiingie. Akimaliza, boti ikiwa bado juu ya magogo, anaifunika turubai mchana, anaingia ndani kutafuta mwanga. Mwanga unapopita, maji nayo yatapita.

Jumanne aliniita tuingie wote, mtoto wangu mgongoni.

“Lydie, angalia! Hata tundu moja hakuna,” alisema akicheka. “Bon, ambia Eddy boti yake iko tayari, kesho anaweza kupakia watu yake ya kwenda Isangi. Na bale vijana wanasema eti nimezeeka!”

Mimi niliona mistari mitatu ya mwanga. Mmoja ulipita juu ya jicho lake lililo wazi, wala hakupepesa.

“Papa,” nilisema polepole, “mwanga iko.”

“Wapi?”

Nilishika kidole chake, nikakiweka kwenye ufa. Alipapasa mara mbili. Kisha akatafuta mkono wangu, akaniwekea nyundo yake.

Mgongoni, mtoto alikuwa ananyoosha mkono aushike ule mwanga.