Nilimpiga Mwajuma kwa Trei ya Moto

Nimekosa, jamani, na sitafuti wa kunitetea. Nilimchoma rafiki yangu kwa mikono yangu hii. Jina langu niachieni.

Nilikuwa msimamizi kwenye kiwanda kidogo cha mikate hapa Tabora, pande za Isevya. Wenzetu waliacha kazi mmoja mmoja, bosi akakataa kuajiri wengine. Yeye ni simu tu kutwa: mikate ya mtaa wa Ng'ambo iko wapi, hotelini mbona hawajapata, we mwanamke umelala?

Nikawa si mtu! Usingizi ukaniruka. Nimekaa tu, moyo unaenda mbio. Chakula hakipiti. Nyumbani nachapa watoto kisa kijiko kimeanguka. Nikadhani ndiyo uchapakazi, kumbe nimeshaharibika!

Mwajuma ndiye aliyeona. Tulianza kazi pamoja, tumezikiana baba zetu.

"Dada, huu si uchovu tena," aliniambia. "Unaumwa. Twende wote kwa bosi tumwambie aongeze watu."

"Unataka cheo changu, sema!" nikamfokea. Mungu wangu!

Asubuhi moja mikate ikaungua. Bosi akaja mwenyewe, akanitukana matusi ya nguoni mbele ya wateja, akaondoka. Nilibaki nimesimama, trei iliyotoka tanurini sasa hivi iko mkononi, nimeishikia matambara.

Mwajuma akanigusa bega. "Dada, kaa kidogo. Hiyo nipe mimi."

Niligeuka nikamtandika nayo! Alikinga uso kwa mkono, chuma kikamng'ang'ania ngozi. Mayowe yale! Akaanguka, nikampiga tena mgongoni, na tena, huku namtukana bosi ambaye hata hakuwepo. Kijana wa kukanda unga, mmoja wa wachache tuliobaki, ndiye aliyenikaba shingo na kunibwaga chini. Harufu ya ile nyama sitaisema.

Nililala mahabusu. Nilipopata dhamana nikaenda Kitete, hospitalini.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia mama yake.

Alinitemea mate kifuani. Mwajuma akaniangalia kutoka kitandani, akasema taratibu, "Dada, mimi nilikuwa upande wako."

Bora angenipiga!

Kesi bado inaendelea. Mkono wake wa kulia haunyooki, kukanda unga basi tena. Bosi? Ameajiri watu wapya, sasa hivi! Daktari aliyenipima alisema presha ilikuwa juu sana, na kazi ya namna ile inaumiza mtu kama mashine isiyo na kinga. Sawa. Lakini trei niliinua mimi.

Wewe unayesoma hapa huku moyo unadunda, unamchukia kila anayekusemesha, usijidanganye kwamba ni bidii. Semeni mapema, tena mkiwa wengi. Kapimwe. Omba mapumziko. Wakikugomea, ondoka, njaa utaizoea! Na nyie mabosi, mtu akisema kazi imemzidi, msikilizeni.

Msingoje mayowe ndipo mumwamini.