Ngamia wa Kumwombea Guleid

"Ngamia akikohoa Takaba, mimi hapa Garissa nishajua ni pafu lipi linalomsumbua."

Guleid aliyasema maneno hayo hadharani, siku ya mnada, amesimama juu ya ukuta wa kupakilia mifugo na kikombe cha chai mkononi. Watu wakacheka, na mtu wa Takaba, kama alikuwepo, alinyamaza. Kijana alikuwa na haki ya kujitapa kidogo. Alikuwa daktari wa mifugo wa kwanza katika ukoo wake, tena wa kusomea chuo cha Kabete, na leseni yake ya kujitegemea ilitundikwa dukani ndani ya fremu kubwa kuliko ile ya picha ya arusi. Mkewe, Ramlo, aliwahi kumuuliza kama alimuoa yeye au ile karatasi.

Ubaya wa kujisifu ni kwamba mwenyewe ndiye huwa wa kwanza kuamini. Mfanyabiashara mmoja alimfuata mezani na hati ya afya ya ng'ombe wa lori zima, akataka sahihi. Ng'ombe wenyewe walikuwa upande wa pili wa soko, na jua lilikuwa lile la saa saba ya Garissa, linalomfanya hata mbuzi atubu. Guleid akatega sikio kuelekea kule, akatabasamu, akatia sahihi. Hati ilisema amewakagua mmoja mmoja. Ng'ombe walishuka Nairobi wakikohoa kama wavuta kiko.

Wale wa bodi ya leseni, Nairobi, hawakumfuta. Walimweka chini ya uangalizi mwaka mzima, kwa masharti matatu. Asitie sahihi hati yoyote ya afya. Asitibu mnyama nje ya mji wa Garissa. Na kila mwisho wa mwezi ajipeleke kwa Daktari Salah, daktari wa mifugo wa serikali, aeleze ametibu nini. Akivunja sharti moja tu, leseni imekwenda.

Guleid alitulia. Alitibu paka wa karani wa benki. Alitibu kuku wa mke wa kasisi. Sokoni wakaanza kumwita Daktari wa Mpakani, kwa sababu akifika daraja la Tana, ukingoni mwa mji, hugeuka kama punda aliyefungwa kamba. Yeye akicheka nao, lakini meno tu ndiyo yaliyocheka.

Kisha ikaja ile mvua ya El Nino. Ilinyesha hadi watu waliokuwa wameomba mvua wakaanza kuomba radhi. Maji yalipokauka wakabaki nzi, na nzi wakaleta dhukaan, ule ugonjwa unaomkausha ngamia polepole hata nundu yake ikalala ubavuni kama mfuko uliomwagwa unga.

Adeer Abdow alifika dukani asubuhi moja, vumbi la Modogashe likiwa bado kwenye nyusi. Alikuwa ndugu mkubwa wa marehemu baba yake Guleid. Kwa Wasomali, adeer ni baba mdogo au mkubwa, naye humwita mtoto wa nduguye adeer vilevile, ili wote wawili wakumbuke kwamba deni la undugu lina ncha mbili.

"Adeer," mzee alisema, "ngamia wanakauka."

"Walete mjini, adeer. Nitawachoma sindano hapahapa, bure."

"Ngamia anayeweza kutembea mpaka hapa haumwi."

Guleid akamweleza habari ya masharti. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akatazama ile fremu ukutani.

"Karatasi hiyo unajua ilitoka wapi?"

"Nairobi."

"Ilitoka kwa Dhiinle, yule ngamia jike mwekundu. Na mama yake. Na ndama wake wawili. Hao ndio waliouzwa wewe uende shule. Sasa watoto wao waliobaki wanakufa, na wewe unaniambia kuna mstari barabarani."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, Guleid angepata pa kushikia hasira. Mzee alikunywa chai yake, akaaga, akaondoka kwa lori la chumvi.

Siku tatu Guleid alitibu kuku. Ijumaa, baada ya alfajiri, akajaza begi sindano na chupa za dawa, akamwambia Ramlo anakwenda kumwona rafiki. Ramlo akaliangalia begi. "Msalimie rafiki yako," alisema. "Mwambie asipige teke."

Huko porini Modogashe Guleid alifanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miaka. Aliwakagua ngamia mmoja mmoja. Aliwafunua kope, akawapima joto, akawashika kila mmoja shingoni kutafuta mshipa. Hakutega sikio. Jioni mkono ulikuwa umevimba kuliko shingo za ngamia, na Adeer Abdow alimpa kibuyu cha maziwa bila kusema ahsante, kwa maana mtu hashukuriwi kwa kutibu mali yake.

Ngamia walipona. Ila chupa moja tupu ilidondoka njiani, na mtu mmoja asiyempenda Guleid akaiokota na kunong'ona panapostahili. Ikaja habari kutoka Nairobi kwamba jopo la leseni litakuja Garissa kumsikiliza.

Daktari Salah alimfungia mlango wa ofisi yake. Salah alikuwa mtu wa Wajir, mpole, mwenye tumbo la kazi ya mezani.

"Nisikilize, walaal, ndugu yangu. Wana chupa tupu na uvumi. Chupa haina mdomo wa kusema, na mtu wa kwenu hatakutaja. Bila shahidi, hawana kesi. Wewe nyamaza tu. Unaweza kunyamaza?"

"Naweza."

"Nakuuliza tena kwa sababu nakujua."

Kikwazo kilikuwa kimoja: Adeer Abdow hakujua kudanganya. Hakuwahi kufundishwa. Guleid alimvizia nje ya msikiti alipokuja mjini kuuza mbuzi, akamwambia pole pole kama anayemlisha mtoto uji, "Adeer, Jumatano watu wa Nairobi wanakuja kunihukumu. Kwa ajili ya ile Ijumaa. Usije. Wakikuita shahidi, usije."

"Wamekasirika?"

"Sana."

"Uliwapa ahadi ukaivunja?"

"Niliwapa, adeer. Lakini hawana shahidi."

Mzee aliutazama mpini wa fimbo yake, akafikiri. "Na hasira yao ameituliza nani?"

"Haitulizwi, adeer. Wewe usije kama shahidi tu."

"Sitakuja kama shahidi," Abdow alisema, na kwa hilo alikuwa mkweli kama kawaida yake.

Jumatano Ramlo alimpigia pasi shati. "Ukiulizwa swali, jibu hilo," alimwambia. "Usiongeze habari za Takaba."

Jopo lilikaa kwenye ukumbi wa shule, wa kuazima. Walikuwa watatu, na mwenyekiti alikuwa mama wa makamo kutoka Nairobi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mwenye sauti ya mwalimu anayejua nani ametupa karatasi. Chupa tupu ilikuwa mezani mbele yake. Salah aliketi pembeni kama msimamizi. Watu wa soko walijaa madirishani wakijifanya wanatafuta kivuli.

"Daktari Guleid, chupa hii unaitambua?"

"Ni chupa ya dawa ya ugonjwa wa nzi, mama mwenyekiti. Inauzwa kote."

"Ilipatikana njia ya Modogashe."

"Hata chupa za soda zinapatikana huko, na sijashtakiwa kwa hizo."

Dirishani mtu akacheka. Ramlo, aliyekuwa benchi la nyuma, akakohoa kikohozi ambacho mume wake alikielewa vizuri kuliko vya ngamia.

"Tangu uwekwe chini ya uangalizi," mama akaendelea, "umewahi kutibu mnyama yeyote nje ya mji?"

"Naomba nionyeshwe aliyeniona," alisema. Hakuwa amekana, wala hakuwa amekiri. Maneno hayo alikuwa ameyafanyia mazoezi bafuni.

Mama akanong'onezana na wenzake, kushoto, kisha kulia. Akavaa miwani. "Kama hakuna shahidi," alianza, "jopo hili halina budi..."

Kengele ikalia nje. Si ya shule. Ilikuwa koor, ile kengele ya mti inayofungwa shingoni mwa ngamia, ikigonga pole pole, ko, ko, ko, ikikaribia. Watu wa madirishani wakaachia njia. Guleid aliifahamu kabla hajageuka. Hapo kweli alijua kwa sikio, na angetoa kila alicho nacho asijue.

Wazee wanne waliingia kwa heshima, viatu wameviacha mlangoni. Mbele yao Adeer Abdow, kofia nyeupe, kanzu ya Idi. Kamba aliyoishika ilitoka nje ya mlango, na mwisho wa kamba kulikuwa na uso wa ngamia jike, mwekundu, safi, akitafuna na kulitazama jopo kama anayesubiri waanze.

Kwa watu wa kule, mtu hakosi peke yake. Akimkosea mtu, ukoo umekosa, na ukoo haungoji kushtakiwa. Hukusanya mnyama wa maana, humpeleka kwa aliyekosewa, hukiri mbele ya watu, na aliyekosewa akipokea, yamekwisha. Anayekana hadi atafutiwe shahidi ni mtu asiye na wazee. Adeer Abdow alikuwa amefanya alichotakiwa kufanya. Hakuja kama shahidi. Alikuja kama mshtakiwa.

Alizungumza kwa Kisomali, kwa utulivu, akimtazama mama mwenyekiti. Alipomaliza, mama akamgeukia Salah. "Mzee anasema nini?"

Salah akajifuta paji la uso. "Anasema... karibuni Garissa. Wazee wameleta salamu. Na zawadi ya wageni."

"Salah." Abdow sasa alitumia Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi Kiswahili kidogo nabata. Mimi hasemi karibu. Wewe sema sawa."

Salah akainamisha kichwa. Hata ngamia akaacha kutafuna. Abdow hakumtazama tena Salah. Alimgeukia Guleid.

"Adeer," alisema kwa lugha yao, "wewe ndiye uliyesoma. Waambie."

Guleid akasimama. Angeweza kusema mzee anaumwa. Angeweza kusema mzee amechanganya siku, amechanganya mtu, umri umeingia. Mama yule angekubali. Alikuwa amekwisha kufunga faili nusu. Leseni ingebaki ukutani. Na wazee wanne wangerudi Modogashe na ngamia wao, wakijua kwamba Abdow wa fulani alisimama mbele ya wageni, na mtoto wa nduguye akamfanya mwongo. Hilo halina mnyama wa kulilipia.

Alimtafuta Ramlo kwa macho. Ramlo alikuwa anatazama sakafu.

"Mama mwenyekiti," Guleid alisema, "huyu ni baba yangu mkubwa. Anasema mtoto wao aliwapa nyinyi ahadi akaivunja. Anasema nilivuka mpaka wa mji nikatibu ngamia wake. Wamewaletea huyu jike, mwenye mimba, waombe msamaha. Anasema mkimpokea, yamekwisha."

"Na ni kweli ulivuka?"

"Ni kweli."

"Uliwatibu bila kuwaona, kama wale ng'ombe?"

"Hapana. Hao niliwakagua mmoja mmoja."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, ingawa haikuwa na kitu. "Daktari, ungekaa kimya dakika moja zaidi," alisema, na sentensi hiyo hakuimaliza. Akavaa miwani. Akasoma uamuzi: masharti yamevunjwa, mwenyewe amekiri, leseni imefutwa kuanzia siku hiyo. Sauti yake haikuwa ya ushindi.

"Sasa huyu," akasema mjumbe wa kulia, akinyoosha kalamu kwa ngamia. "Hatuwezi kupokea ngamia. Itaitwa rushwa."

Salah aliinuka haraka kuliko tumbo lake lilivyoruhusu. "Mama, mkimkataa mbele yao, mmetangaza uadui. Mpaka wajukuu zao watalisimulia."

"Na nikimpokea, mimi ndiye nitakayekaa pale," mama alisema, akionyesha kiti cha Guleid. Akamtazama ngamia. Ngamia akamtazama yeye. "Huyu ni mmoja wa wale waliotibiwa?"

Guleid hakuwa na haja ya kuuliza. Alimtambua kwa kovu la sikio. "Ndiye wa kwanza."

"Basi ni kielelezo. Jopo linampokea kama kielelezo. Apelekwe zizi la serikali."

Guleid akatafsiri neno moja tu: wamepokea. Uso wa Adeer Abdow ukalainika. Akamkabidhi askari kamba, akawapa mkono wajumbe, akamwombea dua mama mwenyekiti na watoto wake. Kisha akamshika Guleid bega.

"Umeona? Watu wazuri. Yamekwisha. Ijumaa njoo, kuna mtamba anachechemea."

Guleid akamtazama yule mzee aliyekuja kumwokoa akiwa na kanzu ya Idi. "Nitakuja, adeer," alisema. "Lakini bila begi."

"Bila begi utafanya nini?"

"Nitakunywa maziwa."

Mzee alicheka, akidhani ni utani wa zamani.

Ramlo alikuwa ametangulia dukani. Guleid alimkuta amepanda kiti, anaishusha ile fremu, anaifuta vumbi. Hakumlaumu, wala hakumpa pole. "Kioo ni kizuri," alisema. "Picha ya arusi itaenea." Baada ya hapo akaketi juu ya kile kiti, fremu mapajani, akalia kidogo, akanyamaza, akamuuliza kama amekula.

Kesi ilipofungwa, serikali iliwaita wazee wachukue kielelezo chao. Abdow akajibu kwamba mtu harudishiwi alicholipa. Je, wale wa Nairobi wamebadili nia? Hakuna aliyethubutu kusema ndiyo. Ngamia akala majani ya serikali hadi serikali ikachoka, akapelekwa mnadani Garissa, kando ya ule ukuta wa kupakilia. Guleid alikuwepo, kikombe cha chai mkononi, amesimama chini na watu wengine. Mnunuzi mmoja akamuuliza, kwa mzaha, kama mnyama ana pafu zima. Guleid akaweka kikombe, akaenda akamwekea ngamia sikio ubavuni, akasikiliza upande huu, akazunguka akasikiliza upande ule.

"Ni mzima," alisema. "Lakini usinishike kwa neno langu. Sina leseni."

Kwa neno hilo tu, bila karatasi, ngamia aliuzwa shilingi elfu tisa mia tano.